UZI: "Dawa zetu", "wagonjwa wao", na nyanya yangu anayeishi kwa misimu

Uzi wa leo ni mrefu, tulieni. Ni historia ya huku kwetu Taita Taveta, lakini nadhani hata wa Kisii na wa Lodwar watajiona ndani.

Juzi kwenye mjadala wa hadhara hapa Voi, jamaa anayetafuta kiti alisimama akasema hospitali yetu inaishiwa dawa kwa sababu "inatibu watu ambao si wetu". Makofi. Mpinzani wake naye hakutaka kuachwa nyuma, akaahidi kwamba yeye akiingia, mwenyeji atahudumiwa kwanza. Makofi zaidi. Majina sitaji na vyama sitaji, kanuni ya nyuzi hizi mnaijua. Na kusema kweli hoja yenyewe haina mwenyewe. Karibu kila kaunti yenye hospitali kubwa kidogo utaisikia.

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, nikijiuliza swali moja tu. Nyanya yangu ni mwenyeji wa wapi?

Nyanya ana nyumba kule juu milimani, upande wa Werugha. Mwezi wa Juni ukungu ukishaanza kulala mpaka saa tano asubuhi, kifua chake kinabana na magoti yanakataa. Kwa hiyo anashuka kwetu Kaloleni, hapa Voi, anaota jua. Septemba anapanda tena kutayarisha shamba kabla ya mvua ya vuli. Amefanya hivyo tangu babu afariki. Ana presha, na presha haina msimu, tembe ni kila siku awe juu au awe chini.

Angalieni vizuri: hajavuka mpaka wa kaunti. Kadi yake ya kura, kabila lake, kila kitu ni cha hapa hapa. Bado mara mbili kwa mwaka anakuwa "mgeni" mbele ya dirisha la dawa. Nikaanza kusoma ili nijue hii imeanzia wapi, na imeanzia mbali kuliko nilivyodhani.

Tuanze na milima yenyewe. Kuishi sehemu mbili si mambo ya juzi huku. Wadawida walikuwa na mashamba ya ngazi: juu maharagwe, ndizi na mboga, chini bondeni mahindi, mtama, mbaazi na kunde. Mvua ikinyesha bonde, sehemu ya familia inashuka, inajenga kibanda, inalima na kufukuza nyani na ndovu mpaka mavuno. Kisha inapanda. Mtu mwenye shamba la juu peke yake alikuwa kwenye hatari, manake mvua ikikataa upande mmoja hana pa kukimbilia. Kwa hiyo sehemu mbili zilikuwa ndiyo bima.

Lakini bonde lilikuwa na bei yake. Juu kuna baridi, mbu wa malaria ni wachache, na mwili uliokulia huko haujaizoea homa. Ukishuka kulima, unashuka pia kuugua. Wazee wanasimulia hivyo hadi leo: msimu wa bonde ndio msimu wa homa. Yaani kuanzia zamani, kupanga kilimo na kupanga matibabu kulikuwa jambo moja. Unashuka na dawa yako ya mitishamba, na mtu wa kukubeba ukizidiwa.

Tuna hata tukio linaloonyesha kinachotokea mtu akilazimishwa kukaa mahali pamoja ambapo mwili wake haupajui. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mpaka wetu na eneo la Wajerumani ulikuwa uwanja wa mapigano. Waingereza waliwashuku Wakasigau kwamba wanamsaidia adui. Vijiji vikachomwa, watu wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi. Watu wa mlimani wakatupwa pwani, kwenye joto na malaria, bila mashamba yao. Wengi walifia huko. Waliosalia walikuja kurudi kwenye mlima wao miaka ya 1930. Hili halifundishwi sana shuleni, mimi mwenyewe nililisikia kwa rafiki wa Rukanga kabla ya kulikuta kitabuni.

Sasa mkonge.

Reli ilifika Voi mwishoni mwa karne ya 19, na mwanzoni mwa karne ya 20 mashamba ya mkonge yakafunguliwa hapa Voi na Mwatate. Mashamba yalihitaji watu. Watu walikuwa juu milimani, na hawakuwa na sababu ya kushuka kukata mkonge ilhali wana shamba. Ndipo kodi ya nyumba ikafanya kazi yake: pesa ya kodi utaitoa wapi kama si kwa mzungu? Wanaume wakashuka kwa miezi, wakarudi kwa miezi. Tena sehemu mbili, ila safari hii ratiba si ya mvua, ni ya mwajiri.

Hapo ndipo serikali ya kikoloni ilipoandika nani anamtibu nani. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1910 ilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake pahali pa kulala na dawa akiugua. Kwa karatasi inapendeza. Lakini someni tena: mfanyakazi WAKE. Dawa ilifungwa kwenye kazi. Ukiugua ukiwa kwenye orodha ya shamba, kuna dawa. Muda wako ukiisha ukapanda nyumbani na homa uliyoipata bondeni, ugonjwa umekuwa wako na wa mkeo. Mstari huo haujafa, wadau. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira ya 2007 bado kinamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi anapata dawa anapougua akiwa kwenye kazi yake. Sisemi ni kibaya. Nasema kinamjua mtu akiwa mahali pamoja tu.

Na hapa kuna jambo lililonikera nilipolisoma. Sheria ya kusajili wanaume Waafrika ilipitishwa mwaka huo huo wa 1915 na kipande kikaanza kuvaliwa shingoni baada ya vita. Kipande kilikuwa kinaandika umefanya kazi wapi, kwa nani, kuanzia lini hadi lini. Mtu akitoroka shamba la Voi angeweza kutafutwa mpaka Nakuru. Kwa hiyo serikali iliweza kabisa kumfuata mtu mmoja nchi nzima kwa karatasi ndogo, zaidi ya miaka 100 iliyopita, bila kompyuta. Iliweza kumfuata kama nguvu kazi. Ugonjwa wake haukuwa na mtu wa kuufuata.

Uhuru ukaja, na adui watatu mnawakumbuka: umaskini, ujinga, maradhi. Mwaka 1965 serikali ilifuta ada ya shilingi 5 iliyokuwa ikitozwa wagonjwa wasiolazwa kwenye vituo vyake. Mwaka 1966 ikaanzisha NHIF, bima ya kulazwa. Aliyekuwa akipata shilingi 1,000 kwa mwezi au zaidi alikatwa 20. Sasa jiulizeni nani huku kwetu alikuwa akipata 1,000 mwaka 1966. Bima ilianza ikiwa ya watu wa ofisi. Mwaka 1972 mlango ukafunguliwa kwa wanaotaka kujiunga kwa hiari, lakini mkulima wa misimu hakuwa mtu ambaye ile bima ilimfikiria.

Hata hivyo kile kipindi cha bure kilikuwa na kitu ambacho hatukizungumzii. Mwaka 1970 serikali kuu ilizichukua huduma za afya kutoka kwa kaunti kaunsil za wakati ule. Kama matibabu ni bure na hospitali zote ni za serikali moja, hakuna sababu ya kumuuliza mtu anatoka wapi. Nyanya anasema miaka ile ukishuka bonde unaingia hospitali yoyote na mtoto mgongoni, unaandikwa kwenye kadi ya karatasi, basi. Dawa zikikosekana zinakosekana kwa wote. (Nyanya pia anasema mandazi ya zamani yalikuwa makubwa, kwa hiyo mimi namsikiliza na chumvi kidogo mkononi. Lakini kwa hili vitabu viko upande wake.)

Desemba 1989 ada zikarudi, kwa jina la "kuchangia gharama". Mwaka 1990 zilisimamishwa kwa wagonjwa wasiolazwa, kuanzia 1992 zikarejeshwa hatua kwa hatua. Asiyejiweza angeweza kusamehewa, lakini asamehewe na nani? Na anayemjua. Nyanya anakumbuka barua ya chifu. Chifu wa juu anakujua, anajua mume wako alikufa, anajua ng'ombe wako ni wangapi. Ukishuka Voi, karani anaangalia muhuri wa lokesheni ya mlimani anakuuliza mbona usitibiwe huko. Kwa maoni yangu hapo ndipo neno "kwenu" lilipoingia hospitali. Ada pekee isingetosha kulileta. Lililetwa na msamaha wa ada, kwa sababu huwezi kumsamehe mtu usiyemjua.

Mwaka 2004 ada za vituo vidogo zilishushwa kuwa shilingi 10 zahanati na 20 kituo cha afya, na Juni 2013 zikaondolewa, pamoja na ada za kujifungua katika hospitali za umma. Sitakaa sana hapo.

2013 ndio mwaka mkubwa. Katiba ya 2010 ilikuwa imekabidhi hospitali zote isipokuwa zile kuu za rufaa za kitaifa kwa kaunti, na mwaka huo kaunti zikaanza kazi. Nataka niwe wazi, mimi napenda ugatuzi. Watoto wanaozaliwa Voi leo wanazaliwa mahali pazuri kuliko nilipozaliwa mimi. Lakini ugatuzi ulikuja na bajeti 47 za dawa, na bajeti ikishakuwa na jina la kaunti, mgonjwa naye anatafutiwa jina la kaunti.

Serikali kuu iliijua shida hii mapema. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2013/14 ilitenga pesa maalum kwa hospitali 11 za ngazi ya 5, kwa sababu zinatibu watu wa kaunti nyingine. Ile ya Pwani ya Mombasa ilikuwemo, Machakos ilikuwemo, Garissa ilikuwemo. Voi haikuwemo. Na Voi iko kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Basi likianguka Maungu saa nane usiku, majeruhi wanaletwa Voi, na hakuna anayewauliza kitambulisho cha wapi. Wala haruhusiwi kukataa: kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Kwa hiyo yule jamaa wa jukwaani ana nusu ya ukweli, na nitampa haki yake. Hospitali kweli inabeba mzigo ambao haukulipiwa kwa jina. Anapokosea ni pale anapomnyooshea mgonjwa kidole.

Na kuna sehemu ya pili ambayo hakuisema. Pesa za kaunti zinagawanywa kwa fomula ya Tume ya Ugavi wa Mapato. Fomula ya kwanza iliangalia zaidi idadi ya watu, asilimia 45. Ile ya tatu, iliyozua kelele nyingi Seneti mwaka 2020, iliipa afya asilimia 17, na ndani ya hiyo 17 ilihesabu pia wagonjwa wanaofika vituoni na siku za kulazwa. Umeelewa? Chini ya fomula hiyo, mtu wa Mackinnon Road akitibiwa Voi na kuandikwa kwenye rejista, alikuwa anaihesabia Taita Taveta. Pesa ilichelewa na hesabu zilikuwa za zamani, hilo sikatai. Lakini kumfukuza kulikuwa ni kujifukuzia mgao.

Halafu, hebu tusemezane ukweli kuhusu Mackinnon Road. Tukiwa kwenye mjadala wa mpaka na Kwale, Mackinnon Road ni yetu tangu enzi za mababu. Tukiwa kwenye mjadala wa dawa, watu wa Mackinnon Road ni wa Kwale. Vivyo hivyo Mtito Andei na Makueni. Ardhi tunaitaka, presha ya wenye ardhi hatuitaki.

Makueni yenyewe ni funzo. Mwaka 2016 walianzisha mpango wao, familia inalipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa kwenye hospitali za kaunti. Mpango mzuri, naheshimu. Lakini ulikuwa wa wakazi, na ili uwe mkazi lazima uthibitishe. Kisha Desemba 2018 serikali kuu ikaanza majaribio ya afya kwa wote Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Watu wa kaunti jirani wakamiminika huko. Magazeti yakawaita wavamizi. Mimi nawaona ni watu waliosikia kwamba upande ule wa barabara dada yao anatibiwa bure, wakapanda matatu. Ungefanya nini?

Tanzania walipitia hayo hayo. Mfuko wao wa Afya ya Jamii ulianzia Igunga mwaka 1996, na kwa miaka mingi kadi ilikuwa na maana kwenye eneo ulilojiandikisha tu. Mkulima aliyehamia shambani kwa msimu aliiacha bima nyumbani, ikining'inia ukutani na kalenda. Mwaka 2018 wakaupanua mpaka ngazi ya mkoa. Ilikuwa hatua, ingawa ukivuka mkoa ulirudi kuwa mgeni.

Sasa turudi kwa nyanya, manake ndiye amenifanya niandike haya.

Mwaka 2015 NHIF ilianza kulipia pia wagonjwa wasiolazwa kwa wanachama wote. Mchango wa kujitegemea ukapanda kutoka 160 hadi 500 kwa mwezi. Kwa matibabu hayo ilibidi uchague kituo, na kituo kilipewa kiasi fulani kwa kila kichwa kilichokichagua. Unaona mantiki: kituo kinalipwa kwa ajili yako uende usiende, kwa hiyo hakuna kituo kingine kina sababu ya kukupokea. Kubadili iliwezekana, lakini kwa vipindi. Mama alikuwa akimlipia nyanya, na kituo chake kilikuwa juu, karibu na nyumba yake. Nani angechagua cha mbali?

Julai 2019 alishuka kama kawaida. Tembe zikakaribia kuisha. Mama akampeleka kwenye kituo kimoja hapa bondeni, sitakitaja na hakina maana. Karani akaangalia, akasema bima ya huyu mama iko kule juu, aende huko au alipe keshi. Hakuwa mkali. Alikuwa anasema ukweli wa mfumo. Mama akalipa ya kumwona daktari, daktari akauliza kitabu cha kliniki kiko wapi, anatumia dawa gani na kwa kipimo gani. Kitabu kilikuwa juu, kwenye kikapu nyuma ya mlango. Nyanya akasema "zile nyeupe ndogo". Mnajua tembe nyeupe ndogo ni ngapi duniani?

Akaandikiwa dawa nyingine. Ilikuwa ghali. Mama akanunua ya wiki mbili.

Tusichokijua ni kwamba nyanya alisikia bei. Akaanza kukata tembe nusu kwa wembe. Baadaye akawa anaruka siku. Hakusema kitu, alikuwa anapiga hesabu zifike Septemba ili asitusumbue. Katikati ya Agosti, asubuhi, kikombe cha chai kilimdondoka, akawa anakiangalia tu chini. Nilikuwa nyumbani likizo. Nilimwita, "Nyanya?" akanijibu, lakini mdomo ulikuwa umeenda upande.

Alilazwa siku sita. Alipona, Mungu ni mwema, ila mkono wa kushoto hadi leo haufungi kitufe. Usiku wa sensa, tarehe 24 Agosti 2019, alikuwa amelala kwetu Kaloleni ametoka hospitali siku mbili kabla. Karani wa sensa alipouliza nani wamelala hapa usiku huu, mama akamtaja. Kwa hiyo kati ya watu 340,671 waliohesabiwa Taita Taveta, nyanya ni mmoja, na ni wa wadi ya Kaloleni. Zahanati ya mlimani inayomtibu miezi minane kwa mwaka ilimhesabu kuwa hayupo. Na mjomba wangu anayefanya kazi Mombasa na kupanda kulima kila vuli ni wa Mombasa kabisa, sensa ilimkuta Likoni.

Sasa, kuna watu watasema haiwezekani, mfumo hauwezi kumfuata kila mtu anayetembea. Unaweza. Upo. Uko hospitali hizo hizo, mlango wa pili.

Programu ya virusi vya ukimwi ilikabiliwa na swali hili hili mapema, kwa sababu ya barabara yetu. Madereva wa malori wanatoka Mombasa kwenda Malaba, wanalala Mariakani, Voi, Mlolongo. Huwezi kumwambia dereva arudi Mombasa kila mwezi kuchukua dawa. Tangu dawa zile zilipotangazwa kuwa bure kwenye vituo vya umma mwaka 2006, taratibu zikajengwa moja baada ya nyingine: mgonjwa ana namba yake, kuna jina rasmi la mgonjwa wa kupita, akiishiwa njiani anapewa za kumfikisha, na aliye imara anapewa za miezi mitatu, hata sita, kwa mkupuo. Hawamuulizi kwao ni wapi. Wanamuuliza amebakiza tembe ngapi.

Kwa nini presha haina hivyo? Sababu kubwa ni aliyelipa. Zile dawa zililipiwa kwa kiasi kikubwa na wafadhili wa nje, waliohesabu wagonjwa nchi nzima kama orodha moja, na mwenye pesa hakujali tembe imemezwa Voi au Busia. Tembe za presha zinanunuliwa na kaunti, kwa bajeti ya kaunti, kwa makadirio ya kituo. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, kliniki nyingi zilitikisika, na ni sawa tuogope. Lakini ule ujuzi wa kumhudumia mtu anayetembea ulijengwa na manesi na makarani wa Kenya. Huo haukuondoka na ndege.

Basi SHA. Ilianza Oktoba 1, 2024, mahali pa NHIF. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara anapimwa uwezo na kulipa si chini ya 300 kwa mwezi. Nitasema jambo ambalo wengi humu hawatalipenda: kwa suala hili moja, muundo wake ni bora. Zahanati na vituo vya afya vinalipiwa na mfuko wa afya ya msingi, unachotakiwa ni uwe umesajiliwa, na hufungwi kwenye kituo kimoja. Kwa karatasi, nyanya anaweza kuingia popote. Ila mwenye kazi isiyo rasmi anatakiwa alipe mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, na mtu wa misimu hana pesa ya mwaka, ana pesa ya mavuno. Na sheria ya afya ya kidijitali ya 2023 inaahidi kwamba faili litamfuata mgonjwa. Ahadi hiyo ndiyo ninayoingojea kuliko zote, manake kadi inayokubalika kila mahali haijibu swali la "zile nyeupe ndogo".

Nikiri pia makosa yetu wenyewe. Nyanya alisajiliwa kwa namba ya simu ya binamu yangu kule juu. Alipokuja chini, namba ya siri ya kuthibitisha ikawa inaingia kwenye simu ya mtu aliye shambani bila netiweki, sisi tumesimama dirishani tunangoja. Tumeibadilisha. Sasa ana laini yake.

Kwa mlioniuliza kwenye uzi uliopita tunafanyaje: tarehe za kliniki tumezisogeza zikae wiki moja kabla ya kuhama, si baada. Kabla hajashuka anaomba dawa za miezi mitatu, akielezwa sababu nesi wa juu huwa anakubali zikiwepo. Kila ukurasa mpya wa kitabu cha kliniki napiga picha, ninayo mimi na anayo mama. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu hana nyanya kwenye orodha yake ya nyumba, lakini mama alimwomba, akija kwetu anampima na yeye. Na wembe tumeuondoa nyumbani.

Jumamosi hii anapanda, matatu ya Wundanyi ya saa mbili. Ana tembe 90, nimezihesabu mwenyewe mezani na yeye akinihesabia nyuma kwa Kidawida kuhakikisha sijamwibia.

Mjadala unaofuata ni wiki ijayo, ukumbi ule ule. Nataka kuwauliza wote wawili: mkiagiza dawa za Julai, mnahesabu watu gani? Kama unafanya kazi kituo chochote cha juu au cha bonde na unajua wagonjwa wa presha wanaongezeka au kupungua kiasi gani kati ya Juni na Septemba, nitumie ujumbe. Jina lako silitaji.